Kutega kamera za utafiti kwenye msitu wa hifadhi: mwongozo kamili, kuanzia kibali hadi jedwali

Kila kiangazi kikiisha, maswali yanayoletwa ni yaleyale. Mtafiti aliyetega kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita ametoka msituni na kadi zimejaa, lakini picha nyingi ni za majani yanayopepea. Kamera mbili zinadai ziko mwaka 2015. Daftarini kuna maneno "kamera ya mtoni, karibu na mti mkubwa". Msimamizi anauliza kamera namba 14 ilifanya kazi siku ngapi, kimya. Picha ya chui imo, tena ya kupendeza, ila haina pa kuingia kwenye sura ya matokeo.

Karibu hitilafu zote hizi hutokea mapema: mezani kabla ya safari, au katika ile nusu saa ya kufunga kamera kwenye mti. Kompyuta haiwezi kuziponya baadaye. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye sehemu hizo mbili, na nitapita upesi kwenye uchambuzi, ambao una vitabu vyake.

Mfano ninaoutumia ni Milima ya Udzungwa, Tanzania. Hifadhi ya Taifa ya huko ilianzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na kazi yake inafanywa kwa miguu. Tangu 2009 kamera 60 zimekuwa zikitegwa humo wakati wa kiangazi kwa utaratibu mmoja: kamera moja kwa kila kilomita 2 za mraba, kwa siku 30. Utaratibu huo unafaa pia Uluguru, Usambara, na msitu wowote mnene wenye wanyama wa ardhini kama funo na minde (paa wa msituni), nguruwe mwitu, njule (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) na fungo.

## Vifaa

Vipate vyote kabla ya kupanga tarehe. Duka la mjini halikufuati mlimani.

- Kamera za mtego, zote za aina moja ikiwezekana, pamoja na za akiba: moja kwa kila kumi. Ukichanganya aina, tofauti ya matokeo inaweza kuwa ya kihisi na si ya wanyama.
- Betri za lithiamu, au za kuchajiwa zilizo bora. Usichanganye mpya na zilizotumika ndani ya kamera moja. Iliyochoka huwavuta wenzake.
- Kadi za SD, mbili kwa kila kamera, zimeandikwa namba kwa wino usiofutika.
- Vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Msitu wa mvua huingia ndani ya kila kitu.
- Mikanda, waya wa chuma na kufuli. Kama tembo wapo, ongeza maboksi ya chuma.
- GPS na dira. Simu iwe ya akiba tu.
- Tepe ya mita, ubao mdogo mweupe na kalamu yake.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu ya kawaida ukilowa unabaki doa la bluu.
- Panga, kama hifadhi imeruhusu.
- Diski mbili za kuhifadhia nakala, zisizosafiri kwenye begi moja.

Chambo sikukiorodhesha kwa makusudi. Ukiweka dagaa mbele ya kamera, unapima pua za wanyama wala nyama, si matumizi yao ya msitu.

## Hatua ya 1: Andika swali, kisha hesabu kamera

Watu wengi huanza na kamera walizonazo halafu wanatafuta swali la kuzitosha. Geuza.

Kama unataka kujua spishi zipi zipo na zinatumia sehemu gani ya msitu, unahitaji maeneo mengi yenye kamera moja moja. Kama unataka kuhesabu chui, unahitaji kamera mbili zinazotazamana kila mahali, kwa sababu madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Ukiwa na kamera moja, chui mmoja anaweza kuhesabiwa wawili. Funo hana alama za kumtofautisha na mwenzake, kwa hiyo kuhesabu picha zake peke yake hakutakupa idadi ya funo waliopo. Liandike hilo kwenye andiko lako mapema, kabla mtahini hajakuuliza.

Halafu muda. Tuseme minde anaishi eneo lile, na uwezekano wa kamera kumnasa kwa siku moja ni asilimia 5. Ukitega siku 14, uwezekano wa kumkosa kabisa ingawa yupo ni karibu asilimia 49. Siku 30 zinaushusha hadi kama asilimia 21, na siku 60 hadi asilimia 5 hivi. Hesabu yenyewe ni 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara idadi ya siku. Ndiyo sababu wiki mbili, ambazo wanafunzi wengi huzipenda kwa ajili ya bajeti, hazimtoshi mnyama adimu.

Umefaulu ukiwa na: sentensi moja ya swali, idadi ya maeneo, na idadi ya siku kwa kila eneo. Kama hazikai kwenye ukurasa mmoja, bado.

## Hatua ya 2: Vibali, kwa mfuatano wake

Hapa wengi hukwama kwa kudhani barua ya chuo ni kibali. Barua ya chuo inakutambulisha tu.

Kwa Tanzania Bara, utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, Arusha, ambako andiko lako hupimwa. Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Asiye raia anahitaji mshirika Mtanzania, na juu yake kibali cha ukaazi. Kenya mlango ni NACOSTI, tume yao ya sayansi, pamoja na taasisi ya utafiti wa wanyamapori iliyoko Naivasha na KWS yenyewe, yaani Shirika la Wanyamapori. Uganda ni UNCST, baraza la sayansi, na UWA, mamlaka ya wanyamapori.

Baada ya hapo ndipo unaomba ruhusa ya mwenye eneo: TANAPA kwa hifadhi za taifa, NCAA kwa Ngorongoro, TAWA kwa mapori ya akiba, TFS kwa misitu ya hifadhi na hifadhi za mazingira asilia. Msitu wa kijiji ni wa serikali ya kijiji, na huko unaenda mwenyewe, unakaa, unaeleza.

Angalizo: milima ya Udzungwa haina mwenyewe mmoja. Hifadhi ya taifa iko chini ya TANAPA, lakini hifadhi za mazingira asilia za Kilombero na Uzungwa Scarp ziko chini ya TFS. Gridi, yaani mpangilio wa nukta za kamera zilizoachana sawasawa, ikivuka mpaka kwa nukta mbili tu, unahitaji ruhusa za pande zote mbili. Weka mipaka kwenye ramani kabla ya kuandika barua.

Kibali cha kamera pia si kibali cha kukamata. Mwaka 2005 kamera katika msitu wa Ndundulu, hukohuko Udzungwa, zilipiga njule ambaye hakufanana na wanaojulikana. Picha hazikutosha kumpa jina. Watafiti walirudi 2006 kukamata wanyama wenyewe, na maelezo ya spishi hiyo mpya, *Rhynchocyon udzungwensis*, yakachapishwa 2008. Ukiona kitu cha ajabu kwenye picha zako, hatua inayofuata ni ofisini, siyo kuchukua wavu.

Ada za kuingia na za kuambatana na askari hubadilika. Omba ankara na kumbukumbu namba ya malipo kwa maandishi. Usijenge bajeti kwa takwimu za rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Kubalianeni na hifadhi pia, kwa maandishi, kuhusu picha za watu. Kamera zitapiga wakata mbao, waokota kuni, mama mwenye mtoto mgongoni, na askari wenyewe. Nani atazipokea, na wewe utazifuta lini? Usingoje hadi picha iwe mkononi ndipo uamue, kwani hapo kila upande utakuwa na hamu yake.

Umefaulu ukiwa na: nakala za vibali vyote kwenye mfuko wa plastiki, na jina la ofisa wa hifadhi anayejua siku utakayofika.

## Hatua ya 3: Chora gridi ukiwa mezani

Kamera zikiwekwa kando ya njia za watalii kwa sababu ndiko kunakofikika, utakuwa umechunguza njia za watalii. Gridi inakutoa kwenye kishawishi hicho.

Kwa kamera moja kila kilomita 2 za mraba, nukta zinaachana takriban kilomita 1.4. Tupa gridi juu ya ramani kwa kuanzia mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha hamishia nukta kwenye GPS. Zipe majina mafupi yasiyojirudia, kama UD-01 hadi UD-40.

Hapa pana mtego wa kimyakimya. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa nukta wa Arc 1960, ilhali GPS yako huja na WGS84. Ukichanganya mifumo hiyo miwili, nukta zinahama karibu mita 300, na kwenye mteremko wa Udzungwa mita 300 zinaweza kuwa upande wa pili wa korongo. Chagua WGS84 kwa kila kitu, ukanda wa 37 Kusini wa UTM (vipimo vya ramani kwa mita), na uandike hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Nukta inayoangukia kwenye jabali au maporomoko ihamishe kwa kanuni uliyoiandika mapema, kwa mfano "mahali salama pa karibu zaidi ndani ya mita 200". Ukishindwa hata hapo, iache na uandike sababu.

## Hatua ya 4: Andaa kila kamera sebuleni

Weka kamera zote mezani, usiku mmoja, bila haraka.

Saa na tarehe. Weka saa ya Afrika Mashariki, kwa mtindo wa saa 24, kwenye kila kamera, ukiilinganisha na simu. Sasa sikiliza: daftari nalo liandikwe kwa saa 24. Msaidizi wako akiandika "saa 2" akimaanisha saa 2 asubuhi, na kamera ikasema 08:00, atakayejaza jedwali miezi sita baadaye ataandika 02:00, na funo wako atageuka mnyama wa usiku. Kosa hili linatuhusu sisi kuliko wengine, na miongozo ya kigeni haitakuonya. Kubalianeni tangu siku ya kwanza: kuzungumza mtazungumza mnavyozungumza, kuandika ni 08:00.

Mipangilio. Picha 3 mfululizo kila kihisi kinapostuka, bila muda wa kungoja katikati. Video zinavutia lakini zinakula betri na kadi. Mipangilio yote ifanane kwenye kamera zote. Piga picha ya kioo cha mipangilio uihifadhi.

Jina. Kamera nyingi zinaruhusu kuandika jina linalotokea chini ya kila picha. Tumia namba ya kamera hapo, si ya eneo, kwa sababu kamera huhama.

Kadi. Zifute yote yaliyomo (format) ndani ya kamera yenyewe na si kwenye kompyuta, ili mpangilio wa kadi ukubaliane na kamera.

Jaribio la usiku. Ziache zote zikiwa zimewashwa chumbani, pita mbele ya kila moja, taa zikiwaka na zikiwa zimezimwa. Asubuhi fungua picha. Iliyokosa picha za gizani, au iliyorudi kwenye tarehe ya kiwandani betri zilipotolewa, haiendi mlimani.

Umefaulu kama: kila kamera ina picha yako ya mchana na ya usiku, yenye tarehe sahihi.

## Hatua ya 5: Kufika kwenye nukta

Panga kamera chache kwa siku. Kwenye miteremko hii, mbili hadi nne ni kazi ya siku nzima kwa kundi moja. Anayekuahidi kumi hajapanda.

Askari wa uhifadhi ndiye anayetangulia, na neno lake kuhusu tembo na nyati halijadiliwi. Mwenyeji anayekuongoza njia naye ni mtaalamu: mlipe kwa makubaliano yaliyoandikwa, msikilize anapoonyesha kinyesi au kwato, na jina lake liingie kwenye shukrani za tasnifu, siyo "wenyeji wa Mang'ula".

GPS ikikufikisha, subiri dakika chache itulie, kwa kuwa chini ya miti minene nukta huyumba. Kisha tafuta, ndani ya mita 100 kutoka hapo, mapito ya wanyama yanayotumika: udongo uliokanyagwa, nyayo, kinyesi, majani yaliyosukumwa pembeni. Kanuni hiyo itumike kila nukta bila kubagua. Ukichagua mapito hapa na kichaka kule, tofauti utakayoiona ni ya uchaguzi wako. Ukishapata mti, chukua nukta mpya ya GPS ya mti wenyewe. Ile ya gridi ilikuwa mwaliko tu.

## Hatua ya 6: Kufunga kamera kwenye mti

Tenga nusu saa kwa kila mti. Hii ndiyo hatua inayoamua.

Kwanza elewa unachofunga. Kamera haimwoni mnyama. Kihisi chake kinapokea joto, na hustuka pale joto linapobadilika ghafla mbele yake. Mnyama mwenye joto akipita mbele ya majani yaliyopoa, kinastuka. Jani pana lililochomwa na jua likipepea, kinastuka pia. Na adhuhuri ya mahali pa wazi, hewa na ardhi zikikaribia joto la mwili wa mnyama, kinaweza kutostuka hata mnyama akipita. Karibu kila kanuni inayofuata imetoka hapo.

Mti. Uwe wa unene wa paja au zaidi, usioyumba kwa upepo. Mti mwembamba ukicheza, kamera nayo inacheza, na ulimwengu wote mbele yake unaonekana unasogea. Kagua shina kama lina njia ya siafu au sisimizi, watahamia ndani.

Kimo. Sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, ukipima pale mnyama atakapopita na si pale mti ulipoota. Kwenye mteremko vipimo hivi viwili hutofautiana sana. Ukiifunga usawa wa kifua chako kwa kuwa ni rahisi, njule na chesi (paa mdogo) watapita chini ya kihisi.

Umbali. Mita 2 hadi 4 kutoka kwenye mapito. Karibu zaidi, usiku taa inaugeuza ubavu wa mnyama kuwa ukuta mweupe. Mbali zaidi, buku (panya mkubwa) na wenzake hawakistui kihisi.

Uelekeo. Ielekeze kaskazini au kusini. Ikitazama mashariki au magharibi, jua la asubuhi au la jioni linaingia moja kwa moja. Chini ya kivuli kizito jambo hili lina uzito mdogo, lakini pengo la mti ulioanguka linatosha kukuharibia wiki.

Pembe. Iangalie njia kwa mshazari badala ya kuikata moja kwa moja. Mnyama anayekimbia atakaa mbele ya kamera sekunde moja zaidi, na ubavu wake utaonekana.

Mlalo. Kamera ilale sambamba na ardhi. Mteremko ukishuka, iinamishe kidogo kwa kijiti nyuma yake. Kijiti kiwe kikavu. Kibichi kitanyauka na kamera itainua pua.

Usafi. Ondoa majani na matawi madogo mbele ya kamera hadi mita 4 au 5, hasa kangaga na majani mapana yaliyo karibu. Ondoa kidogo kuliko unavyotamani. Ukifyeka uwanja, umebadilisha mahali ulipokuja kupima, na baadhi ya wanyama watapazunguka. Mche wowote usioutambua uinamishe, usiukate.

Sasa jaribio ambalo watu hulikwepa kwa aibu. Washa kamera katika hali ya majaribio, ile ambayo taa ndogo inawaka kihisi kinapostuka. Piga magoti, nenda kwa miguu minne kando ya mapito, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi. Msaidizi aangalie taa. Isipowaka ukiwa katikati ya njia, kamera iko juu mno au imeelekea angani. Rekebisha, tambaa tena. Askari watacheka, acha wacheke.

Mwisho, andika kwenye ubao: namba ya eneo, namba ya kamera, namba ya kadi, tarehe, saa kwa saa 24. Washa kamera rasmi, shika ubao mbele yake mita 2, ipige. Picha hiyo ya kwanza ndiyo cheti cha kuzaliwa cha data za eneo lile: hata daftari likitumbukia mtoni, kadi inajieleza.

Kabla ya kufunga kifuniko, maswali matatu kwa sauti: kadi imo? imewashwa? kifuko cha unyevu kimo? Inaonekana utoto, lakini kamera iliyofungwa vizuri bila kadi hukaa mlimani siku 30 sawasawa na nyingine.

Daftarini andika: nukta ya GPS ya mti, mwinuko, uelekeo wa kamera kwa dira, kimo, umbali hadi kwenye mapito, aina ya uoto, alama za wanyama zilizoonekana, na majina ya waliokuwepo.

Umefaulu kama: taa iliwaka kila ulipotambaa katikati ya njia, na picha ya ubao inasomeka.

## Hatua ya 7: Ondoka

Usirudi kuchungulia. Kila ziara inaacha harufu na nyayo, na inakula siku ya kundi. Kama betri na kadi zilijaribiwa vizuri, siku 30 zinapita bila wewe.

Isipokuwa kwenye msimu wa kwanza mahali papya: hapo chagua kamera mbili zilizo rahisi kufikika, zikague baada ya wiki moja. Zikiwa na maelfu ya picha tupu, kuna tatizo la uoto au mipangilio ambalo huenda zote zinalo.

Tembo huzing'oa kamera kwa udadisi. Boksi la chuma husaidia, na kutoziweka kwenye njia zao kuu husaidia zaidi. Kamera ikiibwa, toa taarifa kwa hifadhi na uendelee. Usianze upelelezi wako kijijini.

## Hatua ya 8: Kuzitoa

Kabla ya kuigusa, piga picha kwa simu namna ulivyoikuta. Imeinama? Imefunikwa na mmea unaotambaa? Kioo kina tope la nguruwe? Hayo ndiyo yatakayoeleza kwa nini wiki ya mwisho haina kitu.

Andika ubao tena, safari hii "MWISHO", na upige kwa kamera ileile. Ikikataa kupiga, imekufa kabla ya wakati. Andika hivyo palepale. Linganisha pia saa ya kamera na ya GPS, na uandike tofauti hata kama ni dakika 3.

Kadi iingie kwenye bahasha yake ndogo yenye namba ya eneo. Usiibe hata dakika ya kuangalia picha mlimani kwa kuhamisha kadi kwenye simu: huko ndiko kadi huanguka kwenye majani, au kufutwa kwa kidole kimoja.

## Hatua ya 9: Nakala, usiku uleule

Tengeneza folda kwa kila eneo na kila kipindi, kwa mfano UD-14_2025-08. Nakili kadi nzima humo. Usichanganye kadi mbili kwenye folda moja, kwani kila kamera huanza kuhesabu picha zake upya, na IMG_0001 ya kamera moja itafunika IMG_0001 ya nyingine bila kelele.

Nakala ya pili iende kwenye diski ya pili, na diski hiyo ikae kwa mtu mwingine. Kadi zisifutwe hadi umehesabu faili za sehemu zote tatu na zimelingana.

Baada ya hapo badilisha majina ya faili yawe na eneo, tarehe na saa. Kifurushi cha camtrapR kwenye programu ya takwimu ya R kinafanya hivyo kwa mkupuo, kikisoma saa iliyomo ndani ya picha.

## Hatua ya 10: Kutambua wanyama na kujaza majedwali

Programu ya MegaDetector huchuja picha tupu na kukuachia zenye mnyama, mtu au gari. Jukwaa la mtandaoni la Wildlife Insights hupendekeza hata spishi. Zitumie kuchuja. Majina ya spishi thibitisha kwa macho, kwa kuwa programu iliyofundishwa zaidi kwa wanyama wa nyika itakuletea majibu ya ajabu kwa minde na kwa mangabey wa Sanje, nyani wa Udzungwa. Usipokuwa na uhakika andika "funo au minde" na usonge mbele. Kubahatisha kunaharibu zaidi kuliko pengo.

Unahitaji majedwali matatu tu.

La kwanza ni la maeneo: jina, nukta, mwinuko, uoto. La pili ni la kazi ya kamera: ilianza lini, iliishia lini, ilisimama siku zipi. La tatu ni la matukio: eneo, spishi, tarehe, saa.

Tukio si picha. Nguruwe mwitu waliokaa dakika 20 wakichimba mbele ya kamera wanaweza kukupa picha 200, na ni tukio moja. Desturi iliyozoeleka ni kuhesabu tukio jipya la spishi ileile mahali palepale baada ya dakika 60 kupita; wengine hutumia 30. Chagua, andika, usibadilishe.

Jedwali la pili ndilo linaloachwa tupu, na bila hilo mengine mawili hayasemi kitu. Kamera 40 kwa siku 30 ni siku-kamera 1,200 kwenye karatasi. Kama tano zilikufa siku ya 12, umepoteza siku-kamera 90, na zimebaki 1,110. Unapojenga jedwali la 1 na 0 kwa ajili ya uchambuzi wa uwepo, siku ambazo kamera ilikuwa imekufa si 0. Ni nafasi wazi. Sifuri inasema "tulitazama, hakuwepo kwenye picha". Nafasi wazi inasema "hatukutazama". Anayejaza sifuri pote humfanya mnyama aonekane adimu kwa sababu ya betri.

Na ukihesabu matukio kwa kila siku-kamera 100, usiyaite idadi ya wanyama. Funo mmoja mwenye makazi mbele ya kamera anaweza kuwazidi kumi wanaokaa kichakani.

Umefaulu kama: mtu asiyewahi kukuona anaweza kuchukua majedwali hayo matatu na kujibu ile kamera namba 14 ilifanya kazi siku ngapi.

## Hatua ya 11: Kurudisha

Andika ripoti mbili. Moja kwa TAWIRI na COSTECH kwa mpangilio wanaoutaka. Nyingine, kurasa tatu au nne za Kiswahili, kwa mhifadhi mkuu wa eneo: ramani, orodha ya spishi, picha kumi nzuri, na mambo ya ulinzi uliyoyaona. Ya pili ndiyo itakayosomwa na askari waliokubebea boksi, nao wanastahili.

Nukta za GPS za wanyama wanaowindwa sana zisitoke nje ya ripoti ya hifadhi. Kwenye tasnifu weka ramani ya gridi bila nukta kamili, na kabla ya kurusha picha ya chui mtandaoni, hakikisha mahali ilipopigwa hapasomeki chini ya picha wala ndani ya faili.

Kibali cha COSTECH huwa cha mwaka mmoja, na nyongeza huombwa pamoja na ripoti ya maendeleo. Ianze ripoti hiyo wiki unayoshuka mlimani, daftari likiwa bado na tope na msaidizi wako akiwa bado anakumbuka ni kamera ipi mliikuta imeng'olewa.